Nyota Isiyo na Jina

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwafundisha vijana uhakiki wa fasihi. Niliwazoeza kusoma kila andiko kwa maswali yale yale manne: nani anasema, anamwambia nani, anataja nini, na ananyamazia nini. Tangu nilipostaafu nimekuwa msomaji wa andiko la aina moja ambalo halikuwamo katika muhtasari wa somo lolote. Ni yale maelezo mafupi ambayo wauzaji wa nishani za kale za kijeshi, wengi wao wakiwa Uingereza, huyaandika kwenye intaneti chini ya picha za bidhaa zao. Nimeyasoma kwa mamia, usiku, miwani ikiwa imeteleza puani. Nimenunua mara moja tu, na ununuzi huo mmoja umeninyima raha hata nikaona afadhali niandike.

Nianze na mfano. Jozi ya nishani za Vita Kuu ya Kwanza, asema muuzaji, moja ya fedha na moja ya shaba, zote za askari mmoja wa King's African Rifles. Maandishi ya ukingoni yanasomeka vizuri: namba, cheo, jina, kikosi. Ukingo una michubuko miwili, mmoja upande wa saa tatu. Tepe si za asili. Hali kwa jumla ni nzuri sana. Halafu, mwishoni kabisa, maneno mawili: mpokeaji mwenyeji. (Hiyo saa tatu ni ya kwao, mkono wa saa ukielekea kulia. Mimi niliutafuta mchubuko kushoto, kwa saa zetu, nisiuone, nikakaribia kumshuku muuzaji wa watu.)

Andiko hilo lina sifa zake, na mhakiki mwaminifu huanza na sifa. Ni fupi. Halina neno la kujaza nafasi. Mwandishi wake ameitazama bidhaa kwa macho yake mwenyewe, tena kwa kioo cha kukuzia, na mchubuko hakuuficha japo unampunguzia bei. Nawajua waandishi wetu kadhaa ambao nidhamu hiyo ingewafaa.

Lakini tupime nafasi. Michubuko imepewa sentensi nzima. Tepe zimepewa yao. Mtu aliyezivaa amepewa maneno mawili, nayo yamewekwa pale ambapo muuzaji wa gari kuukuu huweka habari kwamba breki zina kasoro. Nimesoma maelezo ya nishani kama hizo hizo za ofisa Mzungu wa kikosi hicho hicho, na pale kalamu ilifunguka. Tulielezwa shule aliyosoma, shamba alilolima baada ya vita, mke aliyemwoa, hata na picha yake akiwa na mbwa. Bei nayo ilipanda pamoja na aya. Simlaumu muuzaji kwa kila kitu, maana kumbukumbu za ofisa zipo maktabani na za askari hazipo, na huwezi kuandika usichokipata. Ninachomlaumu ni kwamba kimya hicho hakisemi kuwa ni kimya. Maelezo yanamalizika kana kwamba kila cha kusemwa kimesemwa.

Nishani yenyewe ya fedha inafaa kutazamwa, kwa maana nayo ni maandishi. Ilianzishwa mwaka 1919 kwa wale waliotumika katika vita vile. Upande mmoja ni kichwa cha Mfalme George V. Upande wa pili, kazi ya mchongaji William McMillan, ni mwanamume aliye uchi juu ya farasi, akiikanyaga ngao yenye tai wa Prussia. Upana wake ni milimita 36. Za fedha zilitolewa kiasi cha milioni sita na nusu. Zilitolewa pia nyingine, kama 110,000 hivi, zenye mfalme yule yule na farasi yule yule, ila kwa shaba, na hizo walipewa hasa watu wa vikosi vya kazi: Wachina, Wahindi, Wamalta. Aliyebeba bunduki alipewa fedha, aliyebeba mzigo akapewa shaba. Sijapata kuona sentensi iliyoeleza utabaka kwa ufupi zaidi ya hapo. Leo soko limegeuza mambo, kwa kuwa ile ya shaba ni adimu, na mkusanyaji huitaka zaidi kuliko ya fedha. Wauzaji husema hivyo kwa furaha, bila kutua hata kidogo juu ya sababu ya uadimu huo.

Na kabla sijaonekana nawachukia wakusanyaji, niseme jambo moja kwa upande wao. Mwanzoni mwa mwaka 1980 bei ya fedha ilipopanda ghafla duniani, nishani hizi za mfalme na farasi zilikuwa na thamani kubwa kama madini kuliko kama nishani, na nyingi zilipelekwa kwa wayeyushaji. Majina ya ukingoni yakayeyuka pamoja nazo. Zilizobaki zimebaki kwa sehemu kubwa kwa sababu kuna watu, wengi wao wazee kama mimi, waliozitaka zikiwa nzima. Mkusanyaji ana ubinafsi wake, lakini hakutia majina ya wazee wetu katika tanuri.

Nimetaja ukingo mara kadhaa, na hapo ndipo utamu wa somo hili ulipo. Nishani za vita vya 1914 ziligongwa jina la mwenyewe ukingoni. Ukiigeuza nishani polepole chini ya taa, mtu anatokea herufi kwa herufi. Na kwa sisi tunaoishi kwa lugha, herufi zile zinasema zaidi ya alivyokusudia mgongaji. Karani aliandika alichosikia, naye alisikia kwa sikio la Kiingereza. Nimeliona jina la Hamisi likiwa limeandikwa kwa namna tatu. Nimeona majina ya siku, majina ya shida, majina ya mavuno, ambayo mama mzazi pengine hakumpa mtoto wake bali kijana alijipa mwenyewe mbele ya meza ya kuandikishia, asijulikane kwao. Babu yangu mzaa baba aliandikishwa kwa jina la utani, na jina hilo ndilo lililokaa katika karatasi zake mpaka mwisho. Muuzaji akikutana na majina kama haya huyanakili jinsi yalivyo, na hufanya vizuri. Akijaribu kuyasahihisha huyaharibu mara ya pili.

Sasa nenda pale katikati ya Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari, uitazame. Iliwekwa mwaka 1927. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanaahidi kwamba mtu akiifia nchi yake watoto wake watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu yote, hutakuta jina hata moja. Askari yule wa shaba ana bunduki, ana mkoba, ana uso, lakini si fulani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile wakiitumikia Uingereza, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Wamisri, pengine hata wakifika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Wapagazi wa Kikosi cha Wabebaji, walioipa Kariakoo yetu jina lake, wamo humo. Kwa hiyo jambo la ajabu limetokea. Ahadi imechongwa hapa kwetu, barabarani, pasipo majina. Majina yamo ukingoni mwa vipande vya fedha, katika droo za watu wasiojua kuyatamka, na yanaonekana pale tu mwenye droo anapotaka kuuza. Tangazo la muuzaji ambalo nimelisema vibaya tangu mwanzo ndilo ukurasa ambamo jina la askari huyo limeandikwa hadharani, pengine kwa mara ya kwanza tangu karani aliponyanyua kalamu. Linakaa siku saba au kumi, mnada unafungwa, linaondoka.

Kuna nishani moja nyingine ambayo nikiiona hupita haraka, nayo ni ile ya Afrika yenye kibao kidogo juu ya utepe kilichoandikwa KENYA, kwa waliotumika katika hali ya hatari kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Nayo ina jina ukingoni. Askari wa Keya kutoka Tanganyika na Uganda walipelekwa kule pamoja na wa Kenya yenyewe. Wauzaji huandika juu yake kwa lugha ile ile ya 1954, magaidi na majambazi, wala hawajui kwamba mjukuu wa aliyetajwa ukingoni huenda anasoma. Mjukuu huyo ataificha au ataitundika? Sijui ningefanya nini mimi. Yangu ilikuwa nyepesi kuliko hiyo.

Yangu ilikuwa Nyota ya Burma. Babu alijiunga na Keya mwaka 1942. Alivuka bahari hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha akaingia Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, wakashuka Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya kule, mwaka 1944, hadi mto Chindwin. Wazee walisema Bama, nasi watoto tulidhani ni kijiji mbele ya Tunduru. Aliporudi Songea alikuwa na nyota ya ncha sita, rangi kama ya sufuria kuukuu ya shaba, yenye utepe wa buluu na wekundu katikati, na mistari miwili myembamba ya rangi ya chungwa. Aliivaa Krismasi, juu ya koti lile lile. Alifariki mwaka 1978. Mwaka 1984, katika miaka ile ya uhaba ambapo sabuni na nguo zilikuwa habari ya mjini, baba yangu mdogo alimuuzia nyota hiyo mgeni mmoja aliyekuwa akipita akinunua vitu vya kale, kwa bei ya mashuka mawili ya kitanda. Shangazi yangu, dada yake mkubwa, alipojua hakumpigia kelele. Aliacha kumwita kwa jina. Miaka thelathini na zaidi walikutana misibani, wakasalimiana kama watu wa basi.

Hiyo ndiyo sababu nilianza kusoma maelezo ya wauzaji. Nilidhani kwa ujinga wangu kwamba nitaitafuta nyota ya babu hadi niione. Nilichukua wiki kadhaa kugundua kosa langu. Uingereza, ambayo ilikuwa na subira ya kugonga majina ya mamilioni baada ya vita vya kwanza, haikugonga jina juu ya nyota za vita vya pili. India na Afrika Kusini waliandika za askari wao. Za Uingereza na za makoloni zilitolewa tupu. Nyuma ya Nyota ya Burma ni bapa, laini, hakuna kitu. Nyota ya babu inaweza kuwa yoyote kati ya zote zilizowahi kuuzwa, na hakuna jicho wala kioo cha kukuzia kitakachoitambua.

Hapo ndipo uandishi wa wauzaji unapobadilika, na mhakiki anapaswa kuamka. Kwa nishani yenye jina, muuzaji ni karani. Kwa nishani isiyo na jina, muuzaji huwa mtunzi wa hadithi. Kipande kile kile cha chuma, kikiuzwa peke yake, kina bei ya chakula cha mchana. Kikiongezewa mtu, bei inapanda. Basi mtu anatafutwa. Inasemekana ilikuwa ya rubani. Imetoka katika familia ya mwanajeshi wa msituni. Iliambatana na barua, ambayo kwa bahati mbaya imepotea. Nimejifunza kusoma maneno haya kama nilivyokuwa nikisoma mianzo ya hadithi za paukwa pakawa. Tena kuna nakala mpya, zinazotengenezwa kihalali kwa ajili ya wale waliopoteza zao. Muuzaji mwaminifu husema ni nakala, na asiye mwaminifu huisugua udongo kidogo.

Mwaka 2018 niliona moja iliyoelezwa kwa sentensi tatu. Nyota ya Burma, ya asili, utepe mkongwe. Inasemekana ilikuwa ya askari wa Afrika Mashariki. Hali nzuri kwa umri wake. Swali langu la kwanza la darasani lilikuwa nani anasema, kwa hiyo nilimwandikia muuzaji: inasemekana na nani? Alijibu siku ile ile, kwa adabu. Aliinunua ndani ya sanduku la vikorokoro vya nyumba ya marehemu, vifungo, sarafu, funguo zisizo na kufuli, na utepe wake ulikuwa umebanwa kwa pini na kipande cha karatasi kilichoandikwa Afrika Mashariki. Karatasi hakuwa nayo tena. Hayo tu.

Ningekuwa nasahihisha insha ya mwanafunzi, ningepiga mstari mwekundu chini ya kila neno. Nilinunua. Pauni 22, na nauli ya posta karibu na hiyo, zikilipwa kwa kadi ya benki ya mwanangu.

Kifurushi kilichukua wiki sita. Kinapofika, msomaji, kinakuja na andiko jingine, fupi kuliko yote: karatasi ya forodha. Muuzaji aliyekuwa fasaha kwenye intaneti hapa alikuwa ameandika beji kuukuu ya chuma, na katika kisanduku cha sababu alitia alama ya zawadi, bei pauni tano. Ni mazoea ya wauzaji wengi, wanadhani wanamsaidia mnunuzi. Forodha nayo ina sarufi yake. Katika mpangilio wa bidhaa unaotumika duniani, sura ya 97 ndiyo ya kazi za sanaa na vitu vya kale, na kitu huhesabiwa cha kale kikipita miaka 100. Vitu vya mkusanyiko vyenye thamani ya kihistoria vina kifungu chao humo humo, lakini hapo sharti uweze kueleza historia ni ipi. Nishani za 1914 zimekwisha kuuvuka mstari wa miaka 100 zenyewe, bila maelezo. Nyota za Burma zinasubiri. (Anayefikiria kuagiza bunduki ya Mjerumani kwa hoja kwamba ni ya kale, aisome kwanza Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, kisha anunue kofia.)

Dirishani alikuwa binti mmoja, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Aliipima nyota mkononi.

"Mzee, hii ni zawadi?"

"Hapana, binti yangu. Nimenunua. Pauni 22, risiti hii hapa."

Akaandika. Nikalipa nilichotakiwa kulipa. Nilijisikia raia mwema.

"Na ni kitu gani hasa? Hapa wameandika beji."

"Nishani ya vita," nikasema. "Ya babu yangu."

Neno lilitoka lenyewe. Alinitazama kwa heshima iliyonitia aibu, akaifunga tena vizuri kuliko ilivyokuja. Kuhusu bei nilikuwa nimesema kweli yote. Kuhusu mtu nilikuwa nimefanya kile kile nilichowalaumu wauzaji, tena mimi sikusema hata inasemekana.

Songea nilikwenda Desemba. Shangazi alikuwa amekwisha vuka themanini, macho yake hafifu lakini vidole vikali. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za kila aliye hai, nilimwekea nyota kiganjani. Hakuuliza. Aliigeuza, akapitisha dole gumba juu ya kila ncha, moja baada ya nyingine, sita zote, akarudia.

"Ncha moja ilikuwa imepinda," akasema. "Baba alifungulia kopo la maziwa."

Nilinyamaza.

"Kumbe wameinyoosha."

Nimesoma historia nyingi za nishani zilizotungwa na watu wa biashara. Hakuna iliyotungwa kwa ustadi na haraka kama ile, na mtunzi hakuwa na haja ya senti moja. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema, labda dakika nzima. Badala yake nilitafuta msumari. Tuliitundika chini ya picha ya babu, na jioni shangazi alimtuma mtoto amwite baba mdogo, kwa jina lake.

Alikuja amevaa koti. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, mikono nyuma. Kama aliitambua kuwa siyo, hakusema. Yeye ndiye aliyeishika ya kweli mara ya mwisho, kwa hiyo angeweza kujua, na nimeshawaza sana juu ya mgongo wake ule. Aliketishwa, akala, akalala pale. Miaka minne iliyofuata hakukuwa na jambo la shangazi ambalo baba mdogo hakuwapo. Alifariki mwaka 2022, na shangazi ndiye aliyemfunika.

Kwa hiyo nimekuwa na kitu ambacho kama bidhaa ni halali, kama hati ni ya uongo, na kazi imefanya ambayo ile ya kweli isingefanya, kwa kuwa ile ya kweli ndiyo iliyowatenganisha. Nikiwa mhakiki sina pa kukiweka. Nilijaribu kujiambia kwamba askari yeyote wa Bama ni babu yangu, kwamba waliotoa nyota bila majina ndio waliotaka tuzichukue hivyo, moja kwa wote. Hoja hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Lakini ndiyo hoja ya Sanamu ya Askari pia, nami nimetoka kuikataa aya chache tu juu. Na zaidi ya hayo, kama kipande cha karatasi cha yule marehemu kilisema kweli, basi kuna mtu, pengine Nyasa, pengine Machakos au Gulu, ambaye babu yake aliivaa hii, na mimi nimempa babu yake jina la babu yangu.

Nilipoamua kwamba makala hii itaingia kitabuni, sikutaka shangazi asomewe na wajukuu. Nilikwenda mwaka 2023 kumwambia. Nilimweleza yote kwa mpangilio: muuzaji, sanduku la vikorokoro, karatasi iliyopotea, binti wa dirishani. Aliniacha nimalize. Kisha akaniomba niishushe, akaisugua kwa pindo la khanga, mbele, halafu nyuma, pale pasipo na kitu.

"Na huyu mwenyewe," akauliza, "kwao ni wapi?"

"Sijui, shangazi. Haina jina."

"Na watu wake wanaitafuta?"

Nikasema huenda.

Alinirudishia. "Basi itundike," akasema. "Ikae hapa mpaka wenyewe waje."